Gazeti Lililofungwa Saa Nane Mchana

Ukiniuliza gazeti letu liliendeshwa na nani, sitakutajia mhariri wala mwenye fedha. Nitakutajia saa nane mchana. Kila Jumamosi, saa hiyo, basi dogo la abiria lilitoka Arusha kwenda Nairobi, na kiti cha nyuma ya dereva kilikuwa changu. Mapajani nilikuwa na begi, na ndani ya begi diski zenye kurasa 16 za gazeti ambalo Jumatatu lilitakiwa liwe kwenye meza za wauzaji wa Dar es Salaam, Mwanza, Kisumu na Kampala. Jambo lililotokea saa nane na robo kwetu halikuwa habari. Lilikuwa la wiki ijayo, na kufika wiki ijayo lilikuwa limeshachacha.

Tulianza mwanzoni mwa mwaka 2000. Miezi michache nyuma, tarehe 30 Novemba 1999, marais Mkapa, Moi na Museveni walikuwa wamesaini Arusha mkataba wa kuifufua Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mimi wakati huo nilikuwa mwandishi wa kujitegemea, yaani asiye na mshahara, nikishinda kwenye korido za AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa cha Arusha. Waliolijua jengo lile miaka hiyo watanielewa. Lina mabawa matatu, Kilimanjaro, Ngorongoro na Serengeti, na ndani yake kulikuwa na sekretarieti ya ushirikiano wa nchi zetu tatu, mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa ikisikiliza kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda, na katika mji huo huo yakiendelea mazungumzo ya amani ya Burundi, yaliyoongozwa na Mwalimu Nyerere hadi alipofariki Oktoba 1999, kisha Mandela akayapokea. Mwandishi asiye na nauli aliweza kupata habari za nchi tano kwa kupanda ngazi na kushuka. Nilichokosa ni mahali pa kuziuza. Magazeti ya Dar yalitaka ya Dar, ya Nairobi yalitaka ya Nairobi.

Sababu nyingine ni ya nyumbani. Baba yangu alikuwa mtumishi wa reli, reli ile ya Afrika Mashariki nzima, kabla Jumuiya ya kwanza haijavunjika mwaka 1977 na mpaka wetu na Kenya kufungwa hadi 1983. Chini ya kitanda chake niliwahi kukuta rundo la magazeti ya Baraza, gazeti la Kiswahili la kila wiki lililokuwa likichapwa Nairobi tangu 1939. Alikuwa ameyafunga kwa katani. Nilipomuuliza kwa nini anahifadhi habari kuukuu, alinijibu kwamba enzi hizo alikuwa akijua bei ya ng'ombe Kisumu bila kumuuliza mtu. Basi nikakua na dhana kwamba gazeti la nchi tatu ni kitu cha kawaida kilichopotea tu kwa bahati mbaya, kama funguo, na mtu akiinama vizuri atakiokota.

Tulikuwa wanne. Mfanyabiashara wa Arusha mwenye malori, ambaye ndiye aliyetoa fedha. Mhariri Mkenya aliyekuwa amechoka na Nairobi. Dada mmoja wa Kampala aliyeijua biashara ya matangazo. Na mimi, niliyeingizwa, naambiwa, kwa sababu nilikuwa na pasipoti.

Gazeti la wiki la kanda lilikuwapo tayari. The EastAfrican lilikuwa limeanzishwa na kampuni ya Nation ya Nairobi tangu Novemba 1994, miaka mitano kabla ya mkataba wenyewe kusainiwa. Lilikuwa la Kiingereza, na hapo ndipo sisi tulipojiona werevu. Tukasema: hao wanaandikia mabalozi na mameneja, sisi tutaandikia madereva, wafanyabiashara wa samaki, walimu, akina mama wa mitumba. Watu wa Kiswahili ni wengi mara ngapi? Hesabu hiyo haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwingine, nitalifikia.

Toleo letu la kwanza lenye habari kubwa lilihusu samaki. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulikuwa umezuia samaki wa Ziwa Victoria baada ya taarifa za uvuvi wa sumu, kisha zuio likawa linaondolewa nchi moja moja, kwa nyakati tofauti. Ziwa ni moja, maji ni mamoja, samaki hajui mpaka. Lakini akitua mwalo huu anakwenda Ulaya kwa ndege, akitua mwalo ule anaozea kwenye barafu. Kenya ina asilimia 6 tu ya ziwa hilo, na viwanda vyake vilikuwa vikisubiri samaki kuliko mtu yeyote. Hii ndiyo ilikuwa habari yetu hasa! Hakuna gazeti la nchi moja lingeweza kuisimulia kamili. Tukaiweka ukurasa wa mbele kwa herufi kubwa, na neno la kwanza likiwa SANGARA.

Mwanza liliisha asubuhi ile ile. Kisumu yalirudi karibu yote. Nikapanda basi kwenda kumuona wakala wetu. Alikuwa mama wa makamo mwenye kioski karibu na stendi, na magazeti yetu ameyapanga vizuri tu, nyuma. Nikamuuliza imekuwaje. Akalinyanyua moja, akaniangalia kwa huruma.

"Kijana, hii gazeti ni ya Tanzania. Sangara ni nani? Ni mwanasiasa wenu?"

Kisumu samaki yule anaitwa mbuta. Uganda wanamwita mputa. Watu waliokuwa wakilala na kuamka na habari ile wameipita mezani wakidhani tunamzungumzia mbunge wa Kagera.

Jumanne yake tukafanya kikao ambacho sitakisahau. Mhariri anataka mbuta, kwa kuwa Kenya ndiko kwenye wanunuzi wa magazeti. Mimi nashikilia sangara, kwa kuwa ofisi iko Tanzania na Kiswahili ni chetu (naona aibu kukumbuka nilivyolisema hilo mbele ya watu). Dada wa Kampala anasema kwao hata mkiandika mputa hawasomi Kiswahili, endeleeni kugombana. Pembeni alikaa msahihishaji wetu, mwalimu mstaafu kutoka Unguja, tuliyemwita Maalim. Hakuna aliyeingia ofisini bila kumpa shikamoo. Mhariri wetu alianza na "habari ya asubuhi" na ikamchukua karibu mwezi kutambua kwa nini hajibiwi vizuri. Maalim akatusikiliza mpaka tukachoka, akavua miwani.

"Mimi kwetu bahari," alisema. "Samaki wenu huyo simjui kwa jina lolote. Kwa hiyo mimi ndiye msomaji wenu. Niandikieni majina yote matatu mara moja, na picha yake, halafu muendelee na jina la huko habari ilikotoka. Nitajua."

Ikawa kanuni, tukaiita kanuni ya Maalim. Dagaa wa Mwanza ni omena wa Kisumu na mukene wa Uganda. Ada ya shule kwetu ni karo kwa Wakenya. Daladala, matatu, na Kampala gari lile lile wanaliita teksi. Tulijaza daftari zima. Mwanzoni tulidhani tunatafuta Kiswahili cha kati ambacho kila mtu angekikubali, lugha kama ya taarifa ya habari. Kumbe msomaji hakasirishwi na neno la jirani, anakasirishwa na neno la jirani kuletwa kwake kama ndilo la kwake. Ukimwambia waziwazi "hili ni la Mwanza", analisoma kwa raha, hata analikariri.

Lakini kuna mambo ambayo jina haliyatatui. Ukurasa wa tano tulikuwa tukichapa bei za mahindi kwa gunia, masoko manane. Wiki ya sita hivi akaja ofisini mfanyabiashara kutoka Tarime. Amepanda mabasi mawili kuja kututafuta. Hakupiga kelele. Alikaa, akaomba maji, akatoa gazeti letu lililokunjwa mara nne, akasema amepakia magunia 40 kwenda Migori kwa kufuata bei tuliyoiandika. Kenya gunia la mahindi huhesabiwa kilo 90. Kwetu gunia ni kilo 100, na hapo hujataja lumbesa, gunia la kujazwa kupita mdomo. Wale jamaa wamemlipa kwa gunia, bei ile ile ya gazetini, hawakumdanganya hata senti. Yeye amewaachia kilo 10 kila gunia. Kilo 400 za mahindi kwa sababu ya neno moja ambalo nchi zote mbili zinalitamka sawasawa.

Hilo lilinifundisha kuliko semina zote nilizowahi kulipiwa posho. Sangara na mbuta ukikutana nalo unashtuka, unauliza. Gunia halikushtui. Na shilingi vile vile: shilingi ya Kenya wakati ule ilikuwa kama kumi za Tanzania na zaidi ya 20 za Uganda, lakini zote zinaitwa shilingi kwa sababu hadi miaka ya 1960 zilikuwa fedha moja. Mwandishi wa Kampala akiandika "ametozwa faini ya shilingi milioni moja", msomaji wa Nakuru anapiga yowe. Tukaugeuza ukurasa wa tano: kila bei kwa kilo, na kwa shilingi za nchi zote tatu, moja pembeni mwa nyingine. Ukawa ndio ukurasa uliosomwa zaidi. Kuna mahali walikuwa wakiununua huo tu. Wakala anauchana na kuubandika ukutani, watu wanasoma bure, nasi tunabaki na marejesho. Hasara hiyo sikuwahi kuichukia.

Niseme kidogo kuhusu njia, maana vijana wa sasa hawawezi kuamini. Nilifika Nairobi kama saa mbili usiku, nikapeleka diski mtamboni. Filamu, pleti, kisha mashine ikianza kunguruma unasikia ardhi ikitetemeka mpaka kwenye nyayo. Alfajiri tunafunga mafungu na kuyakimbiza kwenye mabasi ya River Road. La Kampala linapita Busia au Malaba. La Arusha na Dar linapita Namanga. Na la Mwanza? Lilikwenda Narok, Kisii, Migori, likavuka Sirari, Tarime, Musoma, ndipo Mwanza. Kwa barabara za wakati ule, hata msafiri wa kutoka Arusha kwenda Mwanza mara nyingi alipitia Kenya, na mabasi ya Dar yaendayo Mwanza yalipita Nairobi huku abiria, wote Watanzania, wakigongewa mihuri ya kutoka nchini kwao na ya kurudi. Kwa hiyo sisi tuliokuwa tukihubiri kwamba nchi hizi zinahitajiana, tulikuwa na ushahidi wa lami. Bukoba walilipata Jumatano kwa MV Victoria, ikichelewa ni Alhamisi.

Katika mpaka mmoja, nisioutaja, mafungu yetu yalizuiwa mara tatu mfululizo. Ofisa alitaka kujua magazeti ni bidhaa au ni barua. Kama ni bidhaa, yalipe. Kama ni barua, kwa nini yana bei? Tulijibishana naye wiki mbili za kwanza. Wiki ya tatu kondakta wa basi, ambaye tulikuwa tukimlipa hela ya soda tu, akashuka, akampa ofisa nakala moja, akamwonyesha matokeo ya mpira ya nchi zote tatu ukurasa wa mwisho. Yakapita. Tangu siku hiyo tulikuwa na msomaji mmoja mwaminifu pale mpakani, na kondakta tukampandishia malipo. Nilianza pia kuelewa kwamba mtu huyu, anayelala juu ya mafungu yetu yasiloane, ndiye mkuu wa usambazaji, na jina lake halikuwa mahali popote kwenye ukurasa wa pili tulipojiorodhesha kwa vyeo.

Vibali ni hadithi nyingine. Gazeti moja kwa msomaji ni magazeti matatu kwa sheria. Kwetu kulikuwa na Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976 na usajili wa Idara ya Habari, MAELEZO. Kenya kulikuwa na dhamana ya kuweka, ambayo mwaka 2002 ilipandishwa hadi shilingi milioni moja. Uganda wana sheria yao ya mwaka 1995 kuhusu wahariri na waandishi. Mhariri wetu aliona karatasi hizo ni usumbufu. Mwenye malori, ambaye maisha yake yote yalikuwa ya vibali vya barabara, akakataa toleo la kwanza kutoka hadi vyote vitatu viwe kwenye faili. Tulimcheka. Januari 2015, serikali ya Tanzania ilipozuia The EastAfrican kusambazwa nchini kwa hoja kwamba halikuwa limesajiliwa, na hali lilikuwa limesomwa hapa miaka 20, nilimkumbuka yule mzee na faili lake la kijani.

Wasomaji nao walitushangaza kwa mahali walipojitokeza. Kampala mjini hatukuuza. Kiswahili kwa watu wengi wa pale kilikuwa na harufu ya kambi za jeshi na kumbukumbu za enzi za Amin, na wenye kusoma lugha ya nyumbani walikuwa na Bukedde lao la Kiluganda. Tuliuza kwenye maegesho ya malori ya Malaba na Busia. Na tuliuza mahali ambapo hatukuwahi kupapangia: Buyenzi, kitongoji cha Bujumbura ambako Kiswahili ndicho cha barazani. Wafanyabiashara wa Kigoma walikuwa wakiyabeba wenyewe, machache, yakifika Ijumaa. Hatukuwa hata na bei ya Burundi kwenye jalada.

Ndiyo maana jambo la Agosti 2000 liliniuma. Mkataba wa amani ya Burundi ulipangwa kusainiwa Arusha tarehe 28, Jumatatu, mbele ya Mandela na Rais Clinton wa Marekani. Jumatatu ndiyo siku yetu ya kuuza. Jumamosi asubuhi mhariri akaandika kichwa: BURUNDI YASAINI AMANI. Akasema msomaji akilishika gazeti jambo litakuwa limeshakuwa. Maalim akaishika prufu kwa ncha za vidole.

"Kitendo hakijatendeka. Hapa mnatia cha nini, cha jana au cha kesho?"

"Maalim, gazeti litasomwa Jumatatu."

"Na sisi tunaliandika leo. Nitasahihisha lugha, unajimu siuwezi."

Kilipita kichwa cha mhariri, saa nane ilikuwa inakaribia. Jumatatu hiyo nilikuwapo, nimerudi kutoka Nairobi sijalala. Mkataba ulisainiwa kweli, lakini vyama kadhaa vilikataa kutia saini siku ile, na makundi mawili makubwa yaliyokuwa na bunduki msituni hayakuwa sehemu ya mkataba wenyewe. Ukitaka kubishana mahakamani, kichwa chetu kilikuwa sahihi. Ijumaa wakala wetu wa Buyenzi akapiga simu, na simu ya kutoka kule ilikuwa ghali. "Ndugu zangu," alisema, "watu wananiuliza amani hiyo mmeiona wapi. Huku jana usiku tumelala sakafuni." Kisha akaomba tumpunguzie nakala. Msomaji wa nchi nyingine ndiye anayekukagua vikali kuliko wote, kwa kuwa habari unayomwandikia ukiwa mbali yeye ameilalia.

Miezi mitano baadaye saa nane ilitupiga tena, upande mwingine. Tarehe 27 Januari 2001 ilikuwa Jumamosi. Nimeketi ndani ya basi, mlango umefungwa, ndipo simu zinaanza kuingia ofisini kuhusu maandamano ya Pemba na Unguja na polisi kufyatua risasi. Mimi sikuwa na simu ya mkononi. Nimefika Nairobi usiku nakuta ujumbe mtamboni: mpigie mhariri. Nikampigia. Tulikuwa na chaguo: kusubiri na kuandika upya ukurasa wa mbele, tukose mabasi yote, au tuchape kama ulivyo. Mwenye fedha akaamua tuchape. Jumatatu ile, wakati Afrika Mashariki yote inazungumza Zanzibar, sisi ukurasa wa mbele ulikuwa na kahawa. Maalim hakuja kazini siku mbili. Wadogo zake walikuwa Wete, Pemba.

Wiki iliyofuata ndiyo tulifanya kazi ambayo mpaka leo naiona ndiyo sababu ya gazeti lile kuwapo. Watu zaidi ya elfu mbili walikuwa wamevuka bahari kwa mashua wakakimbilia Shimoni, pwani ya kusini ya Kenya. Tangu nchi yetu ipate uhuru tumezoea kuwa wapokeaji wa wakimbizi. Sasa Watanzania ndio wakimbizi. Mwandishi wetu wa Mombasa alifika Shimoni kwa matatu, bila kibali cha mtu, bila kuvuka mpaka wowote. Ni kwao. Akakaa siku nne akiandika majina ya vijiji walikotoka watu, nani yuko na nani, nani hajaonekana. Hakuuliza maoni ya wanasiasa hata mmoja, nao walikuwa wengi wakijileta. Maalim alirudi, akaomba aisahihishe peke yake. Hakubadilisha maneno ya wale watu. Aliyaacha kwa Kipemba chao, na sisi tuliotunga kanuni ya majina matatu hatukuthubutu kuongeza tafsiri. Toleo hilo liliisha mpaka Kisumu. Yule mama wa kioski akatuma salamu kwa kondakta: niongezewe hamsini.

Sasa kosa letu. Wasomaji tuliwapata. Lakini duka la vitenge la Mwanza halina faida na msomaji wa Nakuru, na mwenye hoteli ya Kisumu halipi apendwe Dodoma. Anayetaka kuonekana nchi tatu kwa mpigo ni shirika la ndege, benki, mfadhili mwenye zabuni. Na huyo, kila dada wetu wa Kampala alipoingia ofisini kwake, alikuwa na swali moja kwa adabu zote: mna toleo la Kiingereza? Kulikuwa na kampuni moja iliyotangaza kwetu miezi minane na haikulipa hata mwezi mmoja. Kila tulipokwenda tuliambiwa mwenye kusaini yuko nchi nyingine. Ilikuwa kampuni ya kanda kwelikweli.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba wale wa The EastAfrican walikuwa wamekutana na mtangazaji kabla ya kukutana na msomaji, nasi tulifanya kinyume. Sisemi walikosea kuandika Kiingereza. Nilisema hivyo zamani, nikiwa na njaa. Tulipaswa kulipandisha bei gazeti tangu mwanzo na kuliuza kwa wale waliouchana ukurasa wa tano, maana kwao zile bei zilikuwa mtaji. Kila tulipotaka kupandisha, mmoja wetu alisema mwananchi wa kawaida hataweza. Mfanyabiashara wa Tarime aliyepoteza kilo 400 angeweza. Hatukumuuliza.

Tulifunga katikati ya mwaka 2002. Mwenye malori alilipa mishahara yote mpaka senti ya mwisho kwa kuuza lori moja, na hakulitaja tena. Maalim alirudi Unguja na daftari la maneno. Mimi nimefanya kazi kwingi tangu hapo, na ile Jumuiya ya nchi tatu imekua ikaingiza Rwanda na Burundi mwaka 2007, kisha Sudan Kusini, Kongo, na Somalia.

Mwezi uliopita nilipigiwa simu na kijana nisiyemjua. Alipewa namba yangu na mtu. Akaniambia yeye na wenzake wanaanzisha gazeti la wiki la Afrika Mashariki, Kiswahili, la kwenye simu tu, hakuna karatasi. Nikamuuliza wanafunga kurasa saa ngapi. Akacheka, akasema, "Hatufungi, mzee. Iko wazi saa 24." Sikuwa na la kusema hapo, nilisikia wivu. Akaniuliza habari yao ya kwanza iwe nini. Nikamwambia mimi ningeanza na ziwa, maana sangara wanazidi kupungua na kila nchi inailaumu mwenzake.

Kimya kidogo. Nikasikia anaandika.

"Samahani mzee," akasema, "sangara ni nini?"

Nikamuuliza anapiga kutoka wapi. Akasema Kisumu.